Ishara Namba 15

Kila aliyewahi kukaa mbele ya skrini nyeusi yenye maandishi matupu hujifunza kusimamisha kabla hajajifunza kuendesha. Unashikilia Ctrl, unagusa C, na programu iliyokuwa inakimbia inakata roho. Wengi huridhika na hapo. Lakini kati ya kidole chako na kifo kile kuna mambo yanayotokea, na mimi mambo hayo yamenifundisha kuliko semina nyingi za uongozi nilizokalishwa kwenye kumbi za hoteli za mji huu.

Kinachopokea amri zako kwenye skrini hiyo huitwa sheli. Ukitaja sheli hapa Moshi, bodaboda atakushusha kituo cha mafuta, kwa hiyo nieleze: ni programu inayosoma unachoandika, ikaanzisha programu nyingine ya kukitekeleza, ikangoja imalize, ndipo ikurudie. Kazi yangu ni kutunza kompyuta za watu: wahasibu wa mjini, wenye maduka ya jumla, vyama vya msingi vya kahawa huko juu vinavyotaka mizani na daftari visigombane. Usiku watu wakilala, skripti zangu huamka, zikakusanya kumbukumbu za siku, zikazipanga na kuzinakili mahali pengine. Skripti ni orodha ya amri ambazo sheli huzifuata mstari kwa mstari bila mtu kuwapo. Na kwa kuwa mtu hayupo, swali la nini kifanyike kazi ikikatizwa katikati haliwezi kujibiwa saa ile. Linajibiwa mapema, au halijibiwi.

Mfumo wa Unix huzungumza na programu inayoendelea kwa ishara, na ishara zina namba. Namba 2 ndiyo ile ya Ctrl na C. Namba 1 ilizaliwa enzi ambazo watu waliifikia kompyuta kubwa kwa laini ya simu. Laini ikikatika, mfumo uliziarifu programu zako kwamba mwenyewe hayupo tena. Namba 15 ni ombi: tafadhali maliza. Namba 9 si ombi. Programu iliyofikiwa na ishara huwa na njia tatu: kufuata desturi, ambayo mara nyingi ni kufa, kuipuuza, au kuwa ilikwisha kuitegea mtego. Sheli ya Stephen Bourne, iliyotoka katika maabara za Bell huko Marekani pamoja na toleo la saba la Unix mwaka 1979, ilikuja na amri ya kutega mtego huo, na siku hizi huandikwa hivi:

trap 'rm -f "$muda"' EXIT

Yaani: vyovyote utakavyoondoka, kwanza futa faili la muda ulilolifungua. Ni mstari mmoja tu. Wazoefu huuandika juu kabisa ya skripti, kabla kazi yenyewe haijaanza, wakati bado hakuna cha kufuta wala dalili ya hatari. Anayeusoma mara ya kwanza huona kama mtu anayeomba radhi kabla hajakosea.

Mume wa dada yangu hupandisha wageni mlimani kwa njia ya Machame. Alikuwa amekaa kibarazani kwetu Rau nilipomweleza habari za mtego huu, nikidhani namsimulia jambo geni. Akacheka.

"Shemeji, hicho ndicho tunachokifanya Barafu," alisema. "Jioni, mgeni akiwa na akili zake timamu, tunakubaliana: ukianza kuyumba, tunashuka. Usiku sikuulizi tena."

"Na akikataa usiku?"

"Atakataa. Ndiyo maana sikuulizi."

Kambi ya Barafu iko mita 4,673 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo watu huondoka kama saa sita usiku, kwa tochi za kichwani, kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Huko juu, kila pumzi huleta takriban nusu ya oksijeni ambayo mtu angeipata akiwa ufukweni Tanga. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya chakula ni ishara za mwanzo, na wengi huzipitia wakafika na kurudi salama. Ishara mbaya ni mgeni anapoanza kutembea kama aliyetoka kwenye pombe ya mbege. Shemeji humwambia apige hatua chache kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, maana yake ubongo umeanza kuvimba, na dawa yake ya kwanza ni kushuka, usiku ule ule.

Kinachonigusa hapo ni kwamba kiungo kinachotakiwa kuamua ndicho kilichodhurika. Mgeni yule amelipa mamilioni, amejinyima mwaka mzima, kilele anakiona, na ubongo uliovimba unamwambia kwamba yuko sawa kabisa. Kumwomba atafakari saa kumi usiku ni kumtaka mgonjwa ajipime mwenyewe. Uamuzi uliofanywa jioni, juu ya bakuli la supu, ni wa mtu mwingine: mtu yule yule, ila mwenye oksijeni. Mimi simpandishi mtu mlimani, lakini najua hali zangu mwenyewe ambazo hewa huwa nyembamba. Hasira ni mojawapo. Mnada ni nyingine. Nimeona watu wenye heshima zao wakipandisha bei ya kiwanja mpaka ikapita thamani yake kwa sababu tu jirani alikuwa anawatazama. Siku hizi nikienda penye mambo ya namna hiyo, namwachia mke wangu kikomo kwa maandishi kabla sijatoka nyumbani. Ananicheka, lakini kile kikaratasi anakitunza.

Sasa nifike kwenye tabia ya sheli inayowashangaza hata watu wa kazi hii. Tuseme skripti imeanzisha amri ndefu, ya kunakili faili kwa saa nzima, nayo sheli inangoja. Katikati ya kungoja huko mtu anaitumia sheli ishara namba 15. Mtego umetegwa vizuri, hauna kosa lolote. Hakuna kinachotokea. Ishara imefika, sheli imeipokea na kuiweka kando, lakini haitaushughulikia mtego mpaka amri ile iliyo mbele yake imalize. Ikibaki dakika 50, utangoja dakika 50. Kwa Ctrl na C huwezi kuliona hili, kwa sababu kibodi huipeleka ishara kwa kundi zima, sheli pamoja na mtoto wake, ile amri inayongojwa. Mtoto hufa, na sheli, ikiwa haina tena cha kungoja, inashughulikia mtego wake. Mwenye haraka aliyetuma namba 15 huiona skripti imekaa kimya, akahitimisha kwamba ni kiziwi, akachukua namba 9. Kumbe haikuwa kiziwi. Ilikuwa imeshikwa.

Dawa yake imo katika mwongozo wa Bash, ambayo ndiyo sheli inayotumika zaidi kwenye Linux. Kazi ndefu unaituma nyuma, kwa kuweka alama ya & mwishoni mwa amri, kisha unaiambia sheli ingoje kwa amri iitwayo wait. Kwa nje hakuna tofauti, kazi ni ile ile na kungoja ni kule kule. Lakini ishara ikija wakati sheli imo ndani ya wait, kungoja huvunjika mara moja na mtego hufanya kazi papo hapo. Hapo kuna sharti ambalo wengi hulisahau: kazi iliyotumwa nyuma bado iko hai, haijui kitu. Mtego uliokamilika humkumbuka na yule aliyetumwa, ukampelekea ishara naye, ukangoja arudi, ndipo ukafunga mlango.

Shemeji mlimani habebi mizigo. Mahema, majiko na vyakula hubebwa na wagumu, yaani wapagazi, ambao hifadhi imewawekea ukomo wa kilo 20 kila mmoja. Yeye mgongoni ana maji, dawa, nguo ya ziada na kile kipimo cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni kwenye damu. Wako wageni wanaomwona kama bwana mkubwa anayetembea mikono mitupu huku vijana wakitoka jasho. Sijui kama wangemwona hivyo wangejua kwamba mikono mitupu ndiyo kazi yenyewe. Mtu aliyebeba hema la kilo 20 atasikia mgeni akikohoa nyuma yake, lakini kabla hajageuka itabidi atafute pa kulitua.

Nimewahi kuwa na bosi aliyejivunia kufanya kila kitu kwa mkono wake. Kila barua aliandika yeye, kila hesabu alijumlisha yeye, na tulimheshimu kwa bidii hiyo. Ila ukimpelekea habari ya hatari alikusikia, alitikisa kichwa, akaendelea na alichokuwa anakifanya, nawe ukarudi kwenye kiti chako ukijua kwamba habari yako imewekwa foleni. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo; hawakutuambia kitu kuhusu mtu aliyeisikia mbiu huku mikono yake yote miwili ikiwa imejaa.

Kuna jambo la pili kuhusu mitego, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote. Ishara unaweza kuipuuza badala ya kuitega. Unaandika trap '' INT, na kuanzia hapo Ctrl na C haina maana kwako. Huo nao ni uamuzi halali. Kuna kazi chache ambazo kweli hazifai kukatizwa. Tofauti inajitokeza kwenye urithi. Programu zinazoanzishwa na sheli iliyotega mtego wenye utaratibu ndani yake hazirithi utaratibu ule. Kila moja huanza upya na desturi ya kawaida, na ikitaka busara itabidi ijiandikie yake. Lakini programu zinazoanzishwa na sheli inayopuuza hurithi kupuuza, kizazi hadi kizazi. Tena, ikiwa mtoto huyo ni skripti, yaani sheli nyingine inayoendeshwa bila mtu, hawezi hata kujitibu: kanuni za POSIX, zile za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix, zinasema ishara iliyokuwa imepuuzwa wakati sheli kama hiyo inaingia haiwezi kutegwa wala kurudishwa kwenye hali yake, na sheli hailazimiki hata kutoa taarifa ya kosa. Unaandika mtego mzuri kabisa, unakubaliwa bila neno, na haufanyi kazi milele.

Niliposoma hilo mara ya kwanza niliufunga mwongozo nikakaa kidogo. Nimekulia Kibosho, kwenye nyumba ambamo ugonjwa haukuwa sababu ya kutokwenda kukata majani ya ng'ombe. Homa ilikuwa uvivu mpaka ithibitike vinginevyo. Baba alikuwa na taratibu nyingi njema za maisha yake, namna alivyoweka akiba, namna alivyomaliza ugomvi na jirani kabla jua halijazama, na kati ya hizo hakuna hata moja iliyoingia kwetu yenyewe. Kila mmoja wetu ilibidi ajifunze kwa jasho lake. Kupuuza mwili ndiko tulikokupata bure. Kaka zangu wawili wana shinikizo la damu na wote wawili waliligundua wakiwa tayari wamelazwa.

Nilimwuliza shemeji kama mlimani hali ni hiyo hiyo. Waongozaji wengi walianza wakiwa wagumu, na mgumu wa zamani aliyefunzwa na njaa alijua kwamba anayelalamika kichwa kinauma safari ijayo hachukuliwi. Alikaa kimya kabla ya kujibu.

"Wapo," alisema. "Anafaulu mitihani yote, dalili zote anazitaja bila kukosea. Usiku mgeni anatapika, yeye anamwambia jikaze. Si mtu mbaya. Yeye mwenyewe ndivyo alivyoambiwa."

Tuliongea mengi siku ile, mengine hayahusu hapa. Lakini alinieleza jambo jingine lililonirudisha kwenye sheli bila yeye kujua. Wanaoshuka kutoka juu kwa njia ya Mweka hupewa vyeti kule getini, na cheti cha aliyefika Uhuru si sawa na cha aliyeishia Stella Point, mita 5,756. Kilichoandikwa ndicho kilichofikiwa. Kuna wageni wanaobembeleza, wako wanaotoa noti.

Sheli nayo hutoa cheti. Kila programu ikiisha huacha namba kwa aliyeianzisha: 0 ikiwa imemaliza salama, namba nyingine ikiwa sivyo. Iliyokufa kwa ishara, sheli huiandikia 128 ukijumlisha na namba ya ishara. 130 ni mtu aliyebonyeza Ctrl na C, 143 ni ombi la namba 15, 137 ni namba 9. Sasa ukitega mtego, ukasafisha vizuri, kisha ukaandika exit 0, umedanganya. Umefanya usafi mzuri ukaficha habari kwamba kazi haikwisha, na aliyekutuma atajenga juu ya nakala ambayo ni nusu. Mafundi waangalifu hufanya jambo linaloonekana la ajabu: baada ya usafi huuondoa mtego, kisha programu inajitumia yenyewe ishara ile ile iliyoipata, ili ife kwa sababu ya kweli na baba yake aisome. Skripti ya baba ikiona 130 inajua kwamba mwenye nyumba ametaka yote yasimame, isiendelee na mtoto mwingine. Mitego mingi ninayoikuta kwenye kompyuta za watu haifanyi hivyo. Inafagia na kutabasamu. Nimekagua ripoti za miradi zilizoandikwa kwa roho hiyo hiyo, kila jedwali limenyooka, na kijijini bomba halitoi maji.

Kuhusu namba 9 sina mengi. Haitegeki wala haipuuziki. Kiini cha mfumo humaliza programu bila kuiarifu. Inafaa kuwapo, kwa sababu bila hiyo programu moja kaidi ingeishika kompyuta mateka. Ninachopinga ni kuianza. Mifumo ya leo yenyewe haianzi nayo: systemd, inayosimamia huduma kwenye Linux nyingi, hutuma namba 15, ikangoja, kwa kawaida sekunde 90, ndipo ichukue 9. Vijana wanaojifunza kazi kwangu huandika kill -9 kwa mazoea, kama salamu. Nawaambia wangoje. Wanaona namchelewesha mteja.

Lakini kuna lililo gumu kuliko 9, nalo ni umeme kukatika. Hapo hakuna ishara ya namba yoyote. Kuna kazi inaendelea, halafu hakuna. Kompyuta nyingi ninazozitunza zina UPS, lile boksi lenye betri chini ya meza, na wateja hudhani limenunuliwa ili wamalizie kuandika barua. Faida yake kubwa imo kwenye waya mwembamba ambao wengi hawajauchomeka, unaoiambia kompyuta kwamba umeme umekwenda na betri ina dakika kadhaa. Kompyuta ikiambiwa hivyo, hutangaza namba 15 kwa wote, ikawapa nafasi, ikawamaliza waliobaki, ikajizima yenyewe. Betri ya dakika 10 haiwezi kuendesha ofisi, ila inatosha kukigeuza kifo cha ghafla kuwa kifo kilichopigiwa hodi. Kipimo cha kidoleni cha shemeji nacho kinafanya hivyo hivyo, na ndivyo ilivyo kwa mashine ya presha ambayo sasa ipo kwenye kabati la sebuleni kwa mama, ingawa wageni wakija huifunika kitambaa.

Desemba wenzangu wote hurudi nyumbani. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa, magari hupandana kwenye barabara za Marangu na Machame, na ukoo hukaa kihambani, kwenye shamba la urithi, kula na kupanga. Ndio wakati wa kuzungumza habari za mipaka, migomba na nani atakaa na nani, na ndio wakati ambao hakuna anayetaka kulitaja neno wosia, kwa sababu kulitaja ni kumwita aliyelala. Sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963 inakubali hata wosia wa mdomo, ukishuhudiwa na watu wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Na RITA, wakala wa serikali, hupokea wosia wa maandishi na kuutunza. Wazee wa kwetu, ambao hawakuwahi kuiona kompyuta, waliusema wosia wao wakiwa bado na nguvu za kushika mundu. Sisi tuliosoma ndio tunaoungoja hospitali. Mwaka jana nilipeleka wangu. Karani alinitazama mara mbili akaniuliza kama naumwa.

Kilichonisukuma si hofu ya kufa. Ni faili la kufuli. Skripti zangu za usiku zikianza kazi huandika faili dogo lenye namba yao, ili nyingine isije ikaingia katikati zikagombania kumbukumbu zile zile. Zikimaliza, mtego hulifuta. Umeme ukikatika, mtego haupo, na faili hubaki limekaa likidai kwamba kazi inaendelea. Nimefungua kompyuta ambazo nakala hazikuchukuliwa kwa miezi, kwa sababu kila usiku skripti ilikuta kufuli la marehemu ikageuka kwa heshima. Mfumo hukusanya kumbukumbu ya ndani ya aliyekufa na kufunga faili alizozifungua, lakini alichokiandika kwenye diski haukigusi. Hicho ni cha anayekuja.

Kwa hiyo skripti ya usiku unaofuata inabidi ijue la kufanya. Inasoma namba iliyomo kwenye faili, kisha inaitumia namba hiyo ishara ya mwisho ninayotaka kuitaja, namba 0, ambayo haiui wala haisimamishi. Kazi yake ni kuuliza kama mwenye namba yupo. Jibu likirudi kwamba hayupo, inaliondoa kufuli, inaandika namba yake yenyewe, inatega mtego, na inaanza kunakili kuanzia pale nakala nzima ya mwisho ilipoishia.